Onyo Lisilo na Mtumaji

Miaka ile ya vita, Bukavu hapakuwa na kitu kilichopatikana kwa urahisi kama onyo. Sukari ilikosekana, chumvi ilikosekana, petroli iliuzwa kwa chupa za bia, lakini maonyo yalikuja bure, tena hadi mlangoni. Jirani anapita: leo msilale kwenu. Mtu wa kwaya: kesho msipande mtaa wa Kadutu. Muuza makaa: huyo mpangaji wenu mpya, mtazameni vizuri. Na sisi hatukuuliza onyo linasema nini. Tuliuliza limetoka kwa nani. Mama yangu, kule Bagira, aliwahi kumwacha padri mzima amesimama uani na habari yake mdomoni ili amuulize kwanza: "Na weye Padri, ni nani alikutuma?" Padri alicheka. Mama hakucheka.

Sikumlaumu. Mji ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki ambao hatukuwakaribisha, milimani kulikuwa na wengine, na kila upande ulikuwa na masikio yake kati yetu. Mtu aliweza kukuonya ukimbie nyumba yako usiku, asubuhi ukute godoro limekimbia nalo. Basi tulizoea kumpima msemaji kabla ya kulipima neno lake. Mimi nilizaliwa na ulimi mkali, vita ikaniongezea macho makali, na hata leo mtu akiniambia "jihadhari" nitaangalia kwanza viatu vyake nione vina matope ya wapi.

Nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha damu cha hospitali moja pale mjini. Sikuwa muuguzi. Nilikuwa msichana wa kompyuta, nimesomea Bujumbura, na hilo la Bujumbura lilitosha watu wakatishe mazungumzo nikiingia. Siku zile mtu anayevuka mpaka mara kwa mara hakuhitaji kosa jingine.

Kompyuta ilikuwa moja, na programu yake iliandikwa zamani, enzi za Zaïre, na mzee tuliyemwita Papa Injenia. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata wiki ambazo umeme haukuonekana, na hakuna aliyejua anaipiga pasi na nini. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Hakunipenda, nami sikumwamini, na tulisalimiana vizuri kila asubuhi.

Kazi ya programu ilikuwa ndogo. Mtu akitoa damu, maabara inapima kundi lake na kuandika herufi kwenye kipande cha plasta juu ya mfuko. Mfuko unaletwa kwangu. Naandika kundi, kisha naandika jina la mtoaji, mashine inachapa etiketi, na etiketi inabandikwa palepale juu ya plasta. Kundi kwanza, jina baadaye. Papa Injenia alipanga hivyo makusudi kwa sababu, alisema, ukikosea jina watu watagombana, ukikosea kundi mtu atakufa.

Lakini kwetu watu waligombea jina. Hakuna aliyekuja kumtolea damu mtu asiyemjua; ndugu alimtolea ndugu, shemeji alimtolea shemeji. Kisha ukaenea uvumi kwamba damu yetu inachukuliwa kwa siri kupelekwa kwa askari. Kama ulikuwa na ukweli mimi sijui, na siku hizo uvumi haukuhitaji ukweli ili utembee. Familia zikaanza kudai jina la mtoaji liandikwe lote juu ya mfuko, jina na jina la pili na la ubatizo, ili mfuko wao usibadilishwe. Walisimama dirishani wakitazama vidole vyangu, kisha walisoma etiketi polepole, wengine kwa kuigusa na ukucha. Jina likikamilika, wanaondoka wameridhika. Kundi hawakulisoma, hilo waliwaachia waganga wa hospitali.

Mnamo siku hizohizo kompyuta ya zamani ikaungua. Umeme ulirudi kwa nguvu baada ya kukatika, tukasikia harufu, basi. Mradi fulani ukatuletea mashine nyingine, lakini programu ya zamani ilikataa kutembea juu yake. Ilibidi ijengwe upya kutoka kwenye maandishi aliyoyaandika Papa Injenia mwenyewe, ambayo aliyahifadhi nyumbani ndani ya kopo la biskuti. Na ili kuijenga tulihitaji kompilateri mpya, chombo kinachoyageuza maandishi ya mwandishi wa programu yawe kitu ambacho mashine inaweza kukifuata. Mimi ndiye niliyekwenda kuitafuta Bujumbura, kwa mtu niliyesoma naye. Nilirudi na diski ndani ya kitabu cha misa, maana kwenye vizuizi diski ilizaa maswali.

Tuliketi wawili mbele ya skrini nikabonyeza. Mashine ilinguruma kidogo, ikamaliza, programu ikapatikana. Chini kabisa ikaacha mstari mmoja kwa Kiingereza: kwamba fonksioni fulani iliyomo ndani ni ya hatari, isitumike.

Fonksioni hiyo, kipande kimoja cha programu chenye kazi yake, ilikuwa ndiyo inayopokea kila kinachoandikwa kwenye kibodi. Waliotengeneza ile lugha ya programu walikuwa wameshaikataa, ila hawakuiondoa, kwa sababu programu nyingi za zamani zilikuwa bado zinaitegemea. Waliiacha mahali pake wakaweka onyo mlangoni. Mimi sikuona ajabu. Zaïre nayo ilikuwa imekwisha kufutwa, na mifukoni bado tulitembea na vitambulisho vyake.

"Inasema nini?" Papa Injenia akauliza.

Nikamtafsiria kwa Kifaransa.

"Hatari kwa nani?"

"Haisemi, Papa."

"Onyo yenye kusema hatari bila kusema iko hatari ya nani, ile iko na kitu inaficha." Akavua miwani. "Ni nani aliandika ile?"

"Ni bale benye kutengeneza hii luga ya programu."

"Beko wapi?"

"Sijue, Papa. Kule Amerika. Ama Ulaya."

"Banajua Bukavu?"

 Nilikuwa naona mazungumzo yanakoelekea, kama mtu anayeona gari linarudi nyuma kuelekea meza yake ya nyanya.

"Na hii diski," akasema taratibu, "uliipataka wapi?"

Hapo tukafika. Diski ilikuwa ya Bujumbura, mimi nilikuwa wa Bujumbura, na onyo lilikuwa linatuambia tutoe kitu kwenye programu yetu tuweke kingine cha kwao. Kesho yake alinakili ule mstari kwenye karatasi akampelekea mwalimu wa Kiingereza huko Bagira, apime kama nimetafsiri sawa. Nilikasirika hadi nikashindwa kunywa chai. Mwalimu alithibitisha kila neno, lakini hilo halikunisaidia. Sasa Papa Injenia alisema kwamba neno ni kweli limeandikwa, lakini kwa nini liandikwe leo? Fonksioni imefanya kazi toka Zaïre na haijaua mtu.

"Ma fille, hii kelele sitaki kuiona tena," alisema, akiniita binti yake kwa Kifaransa, na akaandika amri ndogo ya kuufuta ule mstari kabla haujafika kwenye skrini. Toka siku hiyo, kila tulipoijenga programu, mashine ilituonya na sisi hatukusikia.

Najua msomaji atasema mzee alikuwa mkaidi. Alikuwa mkaidi. Lakini mimi nilikuwa nafanya nini? Badala ya kutafuta hatari yenyewe ni ipi, nilianza kumtafuta Papa Injenia. Mtu anayetaka onyo linyamaze ana sababu yake, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikajisadikisha kwamba fonksioni ile ndiyo mlango wake, kwamba uvumi wa askari ulikuwa wa kweli na yeye ndiye anayewafungulia. Nilihesabu chai anazokunywa na nani. Nilitazama mkunjo wa suruali yake nikajiuliza nani anamlipia makaa ya pasi. Naye, nikitoka chooni, nilimkuta ameinamia kiti changu anatazama nilichoandika. Kila mmoja alimlinda mwenzake kwa bidii, na mashine ikabaki haina mlinzi.

Maana kulikuwa na dalili. Mara nyingine etiketi ilitoka na kundi la ajabu, herufi mbili au tatu ambazo hazikuwa kundi lolote la damu duniani. Muuguzi alilikata kwa kalamu, akachungulia plasta kabla ya kubandika, akaandika kundi sahihi kwa mkono. Papa Injenia aliamini ni mimi ninayeharibu ili apate aibu. Mimi niliamini ni yeye, anajaribu mlango wake. Hatukuambiana.

Kisha ikaja zamu ya kwetu.

Asubuhi moja waliniletea yaya yangu, dada yangu mkubwa, kutoka Miti alikoolewa. Alikuwa amejifungua ndani ya gari kabla hawajafika mjini. Mtoto alikuwa mzima, analia kwa hasira kama mimi. Yaya alikuwa hana rangi. Damu ilikuwa inamtoka, haisimami, na daktari alipotoka kwenye mlango alisema tu: "Kundi A, haraka." Kwenye friji hapakuwa na kitu. Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa moyo, hangeweza kutoa. Mimi nilikuwa nimetoa wiki chache kabla kwa ajili ya mtoto wa jirani, na hata hivyo kundi langu halikufaa. Aliyebaki alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyepandia gari lilelile njiani, pale Mudaka, akiwa na udongo wa shamba bado miguuni.

Alitoa bila kuuliza maumivu. Lakini alipotoka kwenye kitanda akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Mutoto wangu, andika jina yangu yote. Na ya batizo. Sitaki damu yangu iende kwa musoda mwenye kuwa na bunduki."

"Nitaandika yote, mama mudogo."

Mfuko ukaletwa, bado una joto. Nikasoma plasta. Ilikuwa B.

 B haingemfaa yaya. Ingebidi kutafuta mtu wa kubadilishana naye, na kutafuta mtu kulitaka muda, na yaya hakuwa nao. Nikabonyeza B, nikaandika jina, na jina la pili, na la ubatizo, yote kwa herufi kubwa kama kawaida yetu, huku mama mdogo akitikisa kichwa kwa kila herufi kana kwamba anaijua. Mashine ikachapa. Muuguzi alikuwa tayari amenyoosha mkono. Papa Injenia, nyuma yangu, akasoma kwa sauti.

"A! Mungu eko muzuri. Peleka, peleka."

Nikaitazama. Jina la mama mdogo lilikuwa limekamilika, safi, hakuna herufi iliyopotea. Na chini yake: A. Si herufi za ajabu safari hii. Kundi halali kabisa, lilelile tulilokuwa tunaliomba. Muuguzi akaibandika juu ya plasta, akaisugua kwa kidole gumba. Kipimo cha mwisho, kile cha kuchanganya tone la mgonjwa na tone la mfuko, kilifanywa siku za utulivu, na siku ile hakuna aliyekitaja.

Nitasema ukweli wa moyo wangu: nilitaka kuamini. Nilijiambia labda nilisoma plasta vibaya, machozi yalinidanganya, maabara imekosea na mashine imesahihisha. Muuguzi alikuwa amefika mlangoni. Na ndipo nikajisikia nauliza, kwa sauti ya mama yangu kabisa, habari njema hii nayo ni nani aliyeituma?

Nilimrukia muuguzi. Nilimpokonya mfuko nikaibandua etiketi kwa kucha, ikachanika, na chini yake plasta ilikuwa bado inasema B.

Nikamgeukia Papa Injenia mbele ya watu wote. Sitayarudia yote niliyosema. Nilimwita muuaji. Nilimwambia auze damu ya wengine kwa askari wake lakini ya dada yangu hapana. Mama mdogo, ambaye hakuelewa neno moja la mambo ya kompyuta, aliunga mkono kwa Mashi, lugha ya kwetu, na Mashi yake haikuwa ya kanisani.

 Papa Injenia alivuta kiti changu akaketi. Akaandika B, akaandika jina la mama mdogo lote, polepole, kwa kidole kimoja, ili wote tuone. Mashine ikatoa A. Akaandika tena. A. Akaandika B na jina lake yeye mwenyewe, majina mawili tu kama alivyozoea kuandikwa. Ikatoka B. Kisha akarudi kwa mama mdogo, lakini safari hii akaliacha jina la ubatizo. B.

Mikono yake ikabaki juu ya kibodi.

"Wakati nilitengeneza hii," alisema, "jina ya batizo ilikuwa imekatazwa. Serikali ya Zaïre haikutaka majina ya bazungu. Nilipima nafasi ya majina mbili."

Nikaelewa naye kwa wakati mmoja. Fonksioni ile ya zamani ilipokea kila kinachoandikwa bila kuuliza chombo kina ukubwa gani, kama mtu anayemimina maharagwe kwenye kikombe huku anaangalia kwingine. Yanayozidi hayapotei. Yanaangukia kwenye sahani iliyo karibu, na katika programu ile, sahani iliyo karibu na jina ilikuwa ndiyo kundi la damu. Jina la mama mdogo lilizidi nafasi kwa herufi moja tu. Jina lake la ubatizo, kama la wanawake wengi waliobatizwa kwetu, liliishia na A. Herufi ile ya mwisho ilimwagikia juu ya B niliyoiandika mimi na kuifunika. Zile herufi za ajabu za siku nyingine nazo zilikuwa mikia ya majina ya watu.

Hiyo ndiyo ilikuwa hatari ambayo mashine ilikuwa inatuambia toka siku ya kwanza. Haikuwa na upande, haikutaka godoro la mtu. Sisi tuliiuliza imetumwa na nani, ikashindwa kujibu.

"Mimi niko A," Papa Injenia akasema.

Alisimama akaanza kukunja mkono wa shati. Aliukunja vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, kwa sababu hakujua kufanya kitu vibaya. Mama mdogo alimtazama anavyopita kuelekea kitandani, akanishika kiwiko.

"Ule papa," akaninong'oneza, "ni nani alimutuma?"

Mimi nilikuwa nalia.

Yaya aliishi. Yuko hai hadi leo, kule Miti, na tukitaka kumchokoza tunasema toka damu ya Papa Injenia iingie mwilini mwake amekuwa mtu wa kupiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Juma lile mimi niliitoa fonksioni ya zamani nikaweka nyingine, ambayo kwanza inauliza nafasi ni kiasi gani, na ikijaa inaacha. Papa Injenia mwenyewe aliifuta ile amri yake ya kunyamazisha maonyo. Hakupeleka karatasi kwa mwalimu wa Kiingereza tena.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni wakati ule yuko kitandani, sindano ikiwa mkononi, na mimi nimeketi pembeni naandika etiketi yake kwa kalamu, sitaki hata kuiona mashine. Nilimuuliza kama anataka niandike na jina lake la ubatizo. Alinitajia. Sikuwahi kulijua, na nadhani kwa miaka mingi hakuwa amelitamka mbele ya mtu wa kazini. Alitazama dari kidogo.

"Ma fille. Batu balianzaka wakati gani kuomba majina tatu?"

"Kisha ile habari ya basoda, Papa. Mbele ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa imepita zamani. Mvua zilikuwa zimekwisha na kuanza tena. Nikaona midomo yake inaanza kusogea bila sauti, kama mtu anayehesabu, nami nikaanza kukumbuka: mifuko iliyotoka na kundi halali, ambayo hakuna muuguzi aliyeikata kwa kalamu, majina ya akina mama yaliyokamilika safi, familia zilizoondoka dirishani zimeridhika. Miezi ile watu walikufa hospitalini kila juma, na hakuna aliyeuliza wamekufa na nini, kwa sababu vita ilijibu kwa niaba ya wote.

Muuguzi alimwambia afungue na kufunga ngumi ili damu itoke haraka. Aligeuza uso ukutani, akaendelea kufungua na kufunga, huku midomo yake bado inasogea.